Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: sukari mlipima mara tatu, sigara hamkuuliza hata mara moja

Igogo, Mwanza

KWA: Mganga Mfawidhi wa hospitali aliyolazwa mdogo wangu

YAH: KIDONDA KISICHOFUNGA NA SIGARA ZINAZOUZWA GETINI KWAKO

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Shikamoo. Sijui umri wako, ila kwa cheo ulichonacho naona shikamoo yangu haitapotea bure.

Jina la hospitali yako nimeliacha kwa makusudi. Wewe utajijua, na wauguzi wa wodi ya mifupa watajua kwa kutajiwa tu ule mwarobaini wenye benchi la zege chini yake. Msomaji mwingine hana haja ya kujua. Huenda hata hospitali ya kwao ina mwarobaini kama huo.

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu tarehe 14 Aprili na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Kabla ya hapo nilishaongea na muuguzi wa zamu mara mbili, nikatumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni (kufuli lake limeshika kutu, nina wasiwasi kama ufunguo bado upo), nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii ambaye alinisikiliza vizuri sana kisha akaniambia jambo hili si la meza yake. Baada ya barua nilimfuata katibu muhtasi wako mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye kikao. Mara ya pili ulikuwa Dodoma. Mara ya tatu nikaambiwa faili halionekani, niandike upya. Basi nimeandika upya, ila safari hii nimeiweka mahali ambapo haiwezi kupotea.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Si mtaalamu wa afya. Nina tabia moja ya kazi, kwamba kila shilingi inayotoka mkononi mwangu naiandika kwenye daftari. Hiyo tabia ndiyo iliyonifumbua macho katika jambo hili, na kuna usiku natamani ningekuwa sina.

Mdogo wangu ana miaka 34. Ni mvuvi wa dagaa, kambi zake ni za visiwani, upande wa Ukerewe. Novemba mwaka jana alikuja mjini, akapanda pikipiki maeneo ya Mabatini, wakagongwa na gari la mchanga. Mfupa wa ugoko wa mguu wa kulia ulichomoza nje ya ngozi. Nikiri hapahapa kwamba usiku ule watu wako walifanya kazi ya maana. Haikufika alfajiri alikuwa ameshaingia chumba cha upasuaji, kidonda kimesafishwa, mguu umefungwa vile vyuma vya nje ambavyo vijana wa bodaboda wanaviita antena. Mguu ule upo leo kwa sababu ya zamu ile. Sikuja kulifuta hilo.

Shida ilianza baadaye. Kidonda, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kilikataa kufunga. Wiki ya tatu kikaanza usaha. Sindano za masaa zikaisha, zikaandikwa nyingine. Wiki ya sita akarudishwa kusafishwa tena. Nyama iliyokuwa inaota ilikuwa na rangi ya kijivu, kama ya sangara aliyekaa juani. Mwenzake wa kitanda cha jirani, aliyeingia naye wiki moja na mguu uliovunjika vibaya hivyohivyo, alikuwa ameshaondoka na magongo yake.

Na wakati wote huo kulikuwa na kazi moja ambayo mimi sikuikosa. Kila asubuhi kabla ya kwenda Mwaloni nilipita kwenye meza ya mama mmoja nje ya geti lako, nikanunua maji, kipande cha sabuni, na sigara saba au nane za kuhesabu. Mdogo wangu alikuwa na maumivu, amechoka kulala chali, hana hata redio. Nilimwonea huruma. Daftari linasema hivi, tangu alipolazwa hadi mwisho wa Januari: shashi na bandeji za kununua nje, 94,000. Mayai, maziwa na samaki wa mchuzi, 131,500. Sigara, 109,400. Kwa shilingi 200 moja, hizo ni sigara 547. Nilizinunua mimi. Kwa hiyo unaposoma malalamiko yafuatayo, ujue kwamba mshtakiwa wa kwanza ndiye huyuhuyu anayeandika.

Mwisho wa Januari mliamua apandikizwe ngozi ya paja. Jioni ya kuamkia siku hiyo akaja mtaalamu wa usingizi, kijana mwembamba, hawa ambao sisi tunawaita watu wa nusu kaputi. Akauliza maswali yake: umewahi kufanyiwa upasuaji, una pumu, kuna jino linalotikisika. Kisha akauliza, "Kaka, unavuta?"

"Navuta."

"Ngapi kwa siku?"

"Saba. Nane. Ziwani zinafika kumi na kitu, baridi ya usiku ile."

"Na hapa wodini?"

"Hapo chini ya mwarobaini."

Kijana akafunua shuka, akautazama mguu, akanitazama mimi. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kutueleza habari ya sigara na kidonda. Tukabaki tunatazamana. Akavuta kiti. Zilikuwa zimepita siku sabini na kitu tangu alazwe.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkuuliza.

Tulipoondoka nilipewa muhtasari wa matibabu, nikaomba pia nakala ya baadhi ya kurasa za faili kwa ajili ya bima ya yule mwenye gari. Sukari ilipimwa mara tatu. Virusi vya UKIMWI vilipimwa mara moja. Shinikizo la damu sihesabu, lilikuwa la kila siku. Ile fomu ya kwanza ya kulazwa ina mstari unaouliza sigara na pombe. Mstari huo uko wazi, haukujazwa, haukuchorwa hata alama ya mkato. Mimi sipingi kupimwa sukari. Kila mtu Mwanza anajua mwenye kisukari hufunga kidonda kwa taabu. Nauliza tu kwa nini kitu cha pili chenye tabia hiyohiyo, ambacho hakihitaji kipimo wala tone la damu bali swali la maneno matatu, kisubiri mtu wa nusu kaputi aje kukiulizia mwezi wa tatu.

2. Hamkusema.

Tuliambiwa mengi na watu wengi. Asile maharage. Asile mayai, mwingine akasema ale mayai mengi. Asiloweshe bandeji. Asitembelee mguu. Sigara haikutajwa na mtu yeyote, na madaktari walipita raundi kila asubuhi.

Nitaandika hapa alichotueleza yule kijana, kwa sababu ndicho ambacho kila ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye korido yako angetakiwa kukisikia siku ya kwanza. Alimwuliza mdogo wangu, wavu ukichanika unafanyaje? Akajibu, unaleta uzi, unatafuta mtu wa kushona. Akasema mwili nao unashona. Uzi wake unaitwa kolajeni, na uzi huo hausokotwi pasipo oksijeni, na oksijeni inaletwa na damu. Sasa ukivuta sigara, nikotini inabana mishipa midogo ya damu, ile iliyo karibu na ngozi, ambayo ndiyo njia pekee ya kufika kwenye kidonda. Hapo njia imeshakuwa nyembamba. Halafu ndani ya moshi kuna gesi ya kabonimonoksaidi. Hiyo tunaijua, ni ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Gesi hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata hiyo damu kidogo inayopenya inafika imebeba mzigo usio wake. Mitumbwi inakuja, akasema, lakini imejaa mawe.

Kisha akaeleza usaha. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, huua kwa kutumia oksijeni. Zikiikosa, zinafika kwenye kidonda na kuzubaa. Ndiyo maana dawa zilikuwa zinapigwa na usaha unarudi. Na mfupa nao ni vilevile, kwa sababu kuunga kwake kunategemea damu hiyohiyo.

Nilimwuliza swali la mfanyabiashara: sigara moja inaharibu kwa muda gani? Akasema ilishapimwa. Binti yangu anasoma chuo, alinitafutia baadaye akanisomea kwa Kiswahili. Mwaka 1991 madaktari wa upasuaji nchini Marekani walipima oksijeni chini ya ngozi ya watu waliovuta sigara kwa dakika 10. Ilishuka, ikabaki chini kwa dakika 30 mpaka 50. Mimi nikachukua daftari. Sigara nane kwa siku, kila moja dakika 40, ni dakika 320. Zaidi ya saa tano kila siku kidonda cha mdogo wangu kilikuwa kimefunikwa blanketi puani, na mwenye blanketi ni mimi.

Binti alinisomea na mengine. Mwaka 2003 Denmark watafiti walichukua watu 78 wenye afya njema, waliojitolea, wakawachana vidonda vidogo vya kusudi. Kwa wanaovuta, vidonda vilivyoingiwa na maambukizi vilikuwa asilimia 12. Kwa ambao hawakuwahi kuvuta, asilimia 2. Na waliovuta wakaacha kwa wiki nne, maambukizi yao yalipungua sana. Hao ni watu wazima wa afya, wenye michubuko ya maabara. Wa kwetu je? Marekani waliwafuatilia wagonjwa 268 waliovunjika mfupa huuhuu wa ugoko kwa jeraha la wazi, matokeo yakatoka mwaka 2005. Waliokuwa wanavuta walipata maambukizi zaidi ya mara mbili ya wasiovuta, na uwezekano wa mifupa yao kuunga ulikuwa pungufu kwa asilimia 37. Nilipofika hapo nilimwambia binti afunge simu.

Taarifa hizi hazikutoka jana. Ya 1991 ina umri mkubwa kuliko wauguzi wengi wa wodi yako.

3. Mliponyamaza, mwingine alisema.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko mguu wenyewe, na kwa haki sijui kama uliwahi kufikiri kwamba linakuhusu.

Kidonda kisichopona kina jina kwetu, donda ndugu, na kina maelezo yaliyo tayari. Wiki ya saba mama yetu alivuka na kivuko cha Kamanga akitokea Sengerema, amebeba mihogo na habari. Mganga wa kienyeji ameshatazama. Si ajali, ni mkono wa mtu, tena mtu wa ndani ya ukoo. Hakutaja jina. Hawataji. Alisema tu ni mwanamke, mjane, na ana macho mekundu.

Shangazi yetu ni mjane. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini. Wewe ni mtu wa Kanda ya Ziwa au angalau umefanya kazi hapa, huhitaji nikueleze tuhuma za namna hii zimewafikisha wapi bibi vizee wa Usukumani. Vijana wa ukoo walikwenda kwake usiku wakarusha mawe juu ya bati. Asubuhi akachukua mkeka na sufuria mbili akaenda kwa binti yake Magu. Mpaka leo hajarudi. Mahindi yake yalivunwa na ng'ombe.

Kama muuguzi mmoja angemwambia mama yetu, pale kitandani, kwa Kisukuma au Kiswahili, "Mayu, kidonda hiki kinakosa hewa kwa sababu ya sigara," mama angekuwa na jambo la kumjibu yule mganga. Hakuwa nalo. Tulimuuliza daktari kwenye raundi kwa nini hakiponi, akasema "kinachukua muda." Hilo si jibu ambalo mama anaweza kuvuka nalo ziwa.

Nimekwenda Magu mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza hakutoka ndani.

4. Geti na mwarobaini.

Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuvuta kwenye vituo vya afya. Nchi yetu iliridhia pia ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, ambao pamoja na mengine unataka uuzaji wa sigara moja moja ukomeshwe. Chini ya mwarobaini wako, saa 10 jioni, utakuta wagonjwa wa antena wamejipanga kwenye benchi la zege kama kwenye kituo cha daladala, na wakati mwingine mtu mwenye koti jeupe amesimama nao akiwasha. Mkopo wa kiberiti hauna cheo.

Meza ya sigara iko hatua zisizofika kumi kutoka getini, imeegemea ukuta wako. Sina ugomvi na yule mama. Anauza pia glavu, pampasi, maji na vocha, anasomesha watoto watatu, na wakati naishiwa alinikopesha bila kuandika. Nataka tu ujue kwamba mgonjwa wako hahitaji hata kutuma mtu. Anapiga mluzi.

5. Wanaopangiwa tarehe.

Hili nalipitia haraka kwa kuwa halikunigusa mimi. Mtu wa ngiri, wa busha, wa kutolewa uvimbe, hupewa tarehe ya wiki nne, sita, hata miezi. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2020 kwamba anayeacha sigara wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji anapunguza hatari ya matatizo baadaye. Denmark mwaka 2002, wagonjwa 120 wa kubadilishiwa nyonga au goti waligawanywa, kundi moja likasaidiwa kuacha wiki sita hadi nane kabla. Matatizo ya kidonda yalikuwa asilimia 5 kwa waliosaidiwa na asilimia 31 kwa wengine. Kadi yako ya tarehe ya upasuaji, nimeiona kwa jirani yangu, ina maelekezo ya kutokula usiku na kuja na ndugu wa kutoa damu. Kuna nafasi ya mstari mmoja chini.

Sasa najua majibu yatakayokuja, maana nusu yake nimeshapewa mlangoni kwa katibu muhtasi.

Mtasema wagonjwa ni wengi na wauguzi wachache. Ni kweli, nimeona muuguzi mmoja akihudumia wodi nzima usiku, na mimi mwenyewe nimewahi kumshikia taa. Lakini kufunga kidonda kile kulichukua dakika 20, siku moja ndiyo siku moja hapana. Dakika hizo zote tuliongea na muuguzi. Tuliongea bei ya dagaa. Tuliongea daraja la Kigongo na Busisi na watu wa vivuko watakula wapi. Muda ulikuwepo.

Mtasema ni mtu mzima na onyo liko kwenye pakiti. Kwanza sisi hatujawahi kushika pakiti, tunanunua za kuhesabu. Pili, onyo linasema ni hatari kwa afya. Mvuvi akisikia hatari kwa afya anafikiria kifua na kukohoa uzeeni. Mguu haumjii akilini kabisa. Mimi niliamini namtunza.

Mtasema ajali haitoi taarifa wiki nne kabla. Sawa. Lakini kati ya kulazwa na siku ya kwanza mliyopanga kupandikiza ngozi zilipita wiki kumi. Kama mngesema wiki ya kwanza, kidonda kingepata wiki tisa za hewa.

Mtasema hamna dawa za kumsaidia mtu kuacha. Mdogo wangu aliacha kwa karanga na miwa. Siku tatu za kwanza alitetemeka, akanitukana matusi ya ziwani ambayo siwezi kuyaandika, siku ya tano akaiba fegi ya jirani akavuta nusu. Siku ya nane alitulia. Dawa zingemrahisishia, na kama kuna namna ya kuzipata, zileteni. Kutokuwa na dawa hakuwazuii kusema.

Mtasema, na hili lilitoka mdomoni kwa mtu wako, "hata tungemwambia asingeacha." Huenda. Mimi nisingenunua.

Na mtasema nje ya geti ni eneo la halmashauri. Mwaka jana bodaboda walipokuwa wanaziba njia ya gari la wagonjwa mliwaondoa kwa siku moja, nikiwa nimesimama palepale.

Kuhusu kilichotokea baada ya yule kijana kuvuta kiti: usiku uleule alikwenda kwa daktari bingwa, upasuaji ukasogezwa wiki nne, usaha ukapelekwa maabara na dawa zikabadilishwa. Mwisho wa Februari ngozi ilipandikizwa, ikashika. Juni antena ikatolewa. Siwezi kuapa kwamba sigara peke yake ndiyo iliyokuwa imezuia, maana dawa nazo zilikuwa mpya, na jeraha lenyewe lilikuwa baya tangu mwanzo. Sidai fidia kwa sababu hiyo. Ninachojua ni kwamba wiki ya pili bila sigara nyama ya kidonda iligeuka nyekundu, na muuguzi aliyekuwa anaifunga aliita mwenzake aje aone.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Ule mstari wa sigara kwenye fomu ujazwe kwa kila anayelazwa akiwa na kidonda, au anayepangiwa upasuaji, na usipojazwa, mhusika aulizwe kwa nini. Ugoro nao uulizwe.

(b) Atakayejibu ndiyo, yeye pamoja na ndugu anayemuuguza, waelezwe kwa dakika tano kwenye chumba cha kufungia vidonda, kwa lugha wanayoielewa. Yule kijana wa nusu kaputi anaweza kuwafundisha wengine. Mfano wake wa wavu unatosha kwa mkoa mzima.

(c) Mstari mmoja uongezwe kwenye kadi ya tarehe ya upasuaji: acha sigara kuanzia leo.

(d) Uvutaji chini ya mwarobaini ukome, kwa kuanzia na wenye makoti meupe. Benchi libaki, wagonjwa wanalihitaji.

(e) Uiandikie halmashauri kuhusu sigara getini, na katika barua hiyo uombe yule mama apewe nafasi ya kuuza vitu vingine, ikiwezekana ndani ya uzio. Asifukuzwe.

(f) Barua yangu ya Aprili ijibiwe. Hata kwa mistari miwili.

Nasubiri siku 30. Baada ya hapo nitaipeleka kwenye bodi ya hospitali nikiwa na daftari langu, ukurasa kwa ukurasa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dada wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani,
Mwaloni, Kirumba.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Diwani wa kata
Shangazi, Magu (nitamsomea mwenyewe, akikubali kunifungulia)
Mama wa meza ya getini (ameshasomewa, amesema kipengele cha (e) kisisahaulike)